Kazi Isiyo na Mwenyewe

Muzna aliingia nyumbani saa saba na nusu mchana, akavua viatu, akatoa salamu, na mama yake hakujibu.

Hilo halikuwa la kawaida. Bi Shaikha alikuwa mtu wa kuidaka salamu kabla hujaimaliza. Muzna akadhani mama ana simu sikioni. Akanawa mikono, akakaa mbele ya sinia la wali na samaki, akafunua, na tonge la kwanza lilikuwa limeshafika kinywani ndipo sauti ilipotoka jikoni.

"Waalaikum salaam! Umerudi, mwanangu?"

"Mama, nimeshaanza kula."

Bi Shaikha akatokeza na fungu la kotimiri mkononi, akamtazama juu mpaka chini. "Umeanza kula saa ngapi? Sasa hivi nimekusikia mlangoni. Sasa hivi, Muzna. Na viatu nimevisikia vikianguka."

Wakacheka. Mama akasema labda masikio yameanza kuzeeka, Muzna akasema labda, wakala. Ilikuwa Jumapili, joto la kiangazi limekaa juu ya mji kama kifuniko, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwaza zaidi.

Jumatatu asubuhi Muzna alikwenda kazini. Alikuwa mtunza kompyuta katika ofisi ya tahadhari za mafuriko. Huko milimani kuna vipimo vya mvua; mvua ikinyesha, vipimo vinatuma habari, kompyuta kubwa iliyofungiwa kwenye chumba cha baridi nyuma ya kioo inapiga hesabu ya bonde gani litashuka, yaani litajaa maji ya ghafla, na saa ngapi, na simu za watu wa bonde lile zinalia. Ndiyo kazi yote. Mtu anayesikia simu anapanda juu. Asiyesikia yuko bondeni na Mungu wake.

Kompyuta ile haikuwa na uwezo wa kuwatosheleza wote waliokuwa wakiitaka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila kazi iliyoingia ilipewa namba, na mafundi huiita namba ya upole. Kazi yenye kumi na tisa ni pole kabisa: inampisha kila mtu na kula makombo ya muda. Kazi yenye hasi ishirini haina upole hata chembe. Ikitaka kupita inapita, wengine wangoje. Mtu yeyote anaweza kuifanya kazi yake iwe pole zaidi. Kuipandisha mbele ya wengine ni jambo la mwenye ufunguo mkuu peke yake, na ufunguo ule alikuwa nao Muzna.

Mchana wa siku hiyo, alipofungua orodha ya kazi zilizomo ndani ya mashine, aliona mstari usio na jina. Haukuwa na mwenyewe wala tarehe ya kuanza. Mbele yake ilikuwepo namba tu: kumi na tisa. Kazi iliyokaa pembeni, haifanyi kitu, inangoja zamu.

Akaiua. Mashine ikajibu kwamba imekufa. Mstari ukabaki pale pale.

Akaiua tena kwa amri kali zaidi. Ukabaki. Na hapo, katika chumba kile kikavu ambamo hata gilasi ya maji hairuhusiwi, akasikia harufu ya bonde lililokwisha kushuka: tope, mizizi iliyong'oka, manyoya ya mbuzi yaliyolowa.

"Muzna, umeleta samaki humu?" akauliza mkuu wake, mhandisi Harith, akichungulia mlangoni huku amekunja pua.

"Kiyoyozi hicho, bwana Harith. Nitamwita fundi."

Alisema uongo mwepesi, kama mtu anavyopiga chafya. Alipogeuka kwenye skrini namba ilikuwa imekwisha kushuka. Kumi na nane. Saa pale juu ilionyesha saa saba na dakika kumi mchana.

Namba zile hazishuki zenyewe; mtu huzishusha. Na saa ile Muzna aliijua.

Wiki tatu nyuma, Jumatano, alikuwa na kazi yake mwenyewe ndani ya mashine. Alikuwa akimalizia shahada ya pili, na hesabu zake zilitakiwa zifike chuoni kabla ya saa nane mchana. Saa saba kasorobo zilikuwa hazijafika hata nusu. Mawingu yalikuwa yamekaa mlimani, lakini mawingu ya kiangazi hukaa pale kila siku na kuondoka. Muzna akachukua ufunguo mkuu. Akaipa kazi yake hasi ishirini. Hesabu za mabonde madogo akazipa kumi na tisa. Dakika kumi tu, alijiambia, kisha narudisha. Akaenda kujitengenezea chai, akarudi akakaa kutazama kazi yake inavyokimbia, akafurahi, na akasahau.

Bonde la Hayl Wusayt lilishuka saa saba na dakika arobaini. Tahadhari ilitakiwa itoke saa saba na dakika kumi. Ilitoka saa nane kasoro dakika mbili. Mtu mmoja, Muhanna bin Hamdan, alikuwa chini kwenye mdomo wa mfereji, anazoa mchanga ili maji ya mashamba yapite. Walimkuta kesho yake, mwendo wa saa mbili kutoka pale, chini ya daraja.

Muzna alimjua. Ndilo lililokuwa likimla. Mwaka uliopita alikwenda Hayl Wusayt na gari la ofisi kuwaandikisha watu simu zao, na Muhanna alimwuliza, "Binti, na sisi tuliozoea kutazama mbingu je?" Naye akamjibu kwa majivuno ya mtu mwenye chombo kipya, "Ami, achana na mbingu. Ngoja simu."

Palifanyika uchunguzi. Aliyekuwa zamu ya kutazama ramani siku ile alikuwa Pirdad, Mbaluchi wa miaka hamsini na tisa, mtu wa ofisi tangu vipimo vilipokuwa vya kusoma kwa macho. Walimwuliza kama alisinzia. Akasema, "Sikusinzia. Nilikuwa naitazama ramani, na ramani haikusogea." Kisha akamgeukia Muzna mbele ya wote. "Wewe ndiye unayeijua mashine, mwanangu. Waambie."

Muzna alikuwa amekwisha kurudisha namba zote mahali pake na kufuta alama za vidole vyake. Akatazama meza. Akasema, "Mashine ilikuwa sawa."

Pirdad walimhamishia stoo, kwenye maboksi ya vipimo vibovu. Siku nne baadaye chuo kikamwandikia Muzna kumpongeza.

Sasa kila siku, saa saba na dakika kumi, namba ilishuka. Kumi na saba. Kumi na sita. Na kadiri ile kazi isiyo na mwenyewe ilivyosogea mbele, Muzna alisogea nyuma. Mwanzoni lilikuwa neno moja kati ya kumi lililochelewa kusikika. Alimwita mwenzake, mwenzake akageuka dakika nzima baadaye. Alifungua bomba bafuni, hapakutoka kitu, akalifunga, na alipokuwa ameshakaa sebuleni akasikia maji yanamwagika mle ndani, mazito, na alipokwenda kutazama beseni lilikuwa na tope la rangi ya udongo wa Hayl Wusayt.

Siku moja Harith alimjia mezani, uso umempauka. "Muzna, ulikuwa chumba cha mkutano?"

"Sijatoka hapa tangu asubuhi."

Harith akaendelea kumtazama, anangoja jibu, kana kwamba mdomo wake haukufunguka. Kisha akanong'ona, "Kuna sauti yako mle ndani. Inasema mashine ilikuwa sawa. Inasema na kurudia. Nimefungua mlango, hamna mtu."

"Umesikia vibaya," akasema Muzna, na hilo likamfikia Harith alipokuwa ameshafika ngazini. Akaruka kama aliyeguswa shingoni. Jioni ile namba ilikuwa imeteremka ngazi tano kwa mkupuo mmoja.

Hapo ndipo alipoanza kuelewa mwendo wake. Kila alipoushikilia ule uongo au kuuongezea mwingine, kitu kile kilipiga hatua ndefu zaidi, na hofu yake ikawa ya namna mpya, hofu ya mtu anayesukumwa nje ya maisha yake mwenyewe pole pole na kwa adabu, maana alikuwa akisali adhuhuri na akitia takbira hakuisikia, akarukuu, akasujudu, akatoa salamu kuliani na kushotoni, na alipokuwa ameshakunja msala ndipo aliposikia nyuma yake, kwa sauti yake mwenyewe iliyochoka, Allahu Akbar, kana kwamba mtu mwingine amesimama pale pale kuanza sala aliyoichelewesha yeye. Alhamisi alikanyaga breki kwenye njia panda ya sokoni na gari halikusimama, likapita katikati ya honi na makelele, likapita mbele ya lori la maji, na lilipokuwa limeshavuka na barabara ni nyeupe mbele yake, ndipo likasimama kwa kishindo, peke yake, mguu wake ukiwa hauko kwenye breki tena.

Alilia usukani ukiwa mkononi. Sauti ya kilio hakuisikia.

Bi Shaikha ndiye aliyempeleka mji wa Bahla. Watu wa Bahla wamechoka kuulizwa habari za majini, na Bi Thuraya alikuwa amechoka kuliko wote. Alikuwa mwalimu wa baiolojia aliyestaafu, mwembamba, miwani imening'inia kifuani, na baada ya alasiri aliwasomea watu Kurani sebuleni kwake, katikati ya makabati ya vikombe vya mashindano ya shule.

"Kwanza nimpe daktari nafasi yake," alisema. "Umepima masikio? Kichwa? Unalala?"

"Amepima vyote," akajibu mama. "Mwalimu, mwanangu anazungumza na mimi namsikia akiwa ameshatoka chumbani."

Bi Thuraya akavaa miwani. Akaweka bakuli la maji, akaponda majani saba ya mkunazi, akayatia, akaanza kusoma. Hakupiga kelele. Alisoma kama anayesahihisha daftari, taratibu, bila kuruka. Harufu ya tope ikapanda kutoka kwenye nguo za Muzna mpaka Bi Shaikha akaziba pua kwa ncha ya shela.

Kisha Muzna akasema kwa sauti isiyo yake. Sauti hiyo haikuchelewa hata kidogo.

"Nipo."

"Nani wewe?"

"Mkazi wa bonde."

"Nani amekutuma kwa msichana huyu?"

"Sikutumwa. Niliulizwa."

Bi Thuraya akasita. "Uliulizwa nini?"

"Maji yalipomfika kifuani aliuliza, simu imelia? Hapakuwa na mtu wa kumwuliza ila mimi. Sikuwa na jibu. Nimekuja kulitafuta. Huyu analo. Nimekaa nyuma kabisa kwa adabu, nikangoja anipe. Hanipi. Basi nasogea."

"Na ukifika mbele?"

"Yeye atangoja. Kama yule alivyongoja."

Mwalimu akamshika Muzna kidevu, akamtazama machoni. "Umemsikia. Anauliza jambo jepesi. Saa ile ulikuwa unafanya nini?"

Muzna alimtazama mama yake. Yule mama aliyewaonyesha majirani barua ya chuo, nyumba kwa nyumba. Midomo yake ikasogea. Walingoja. Nje adhana ya magharibi ikaanza, ikaisha, nao bado wanangoja, na mwisho jibu likaja, jembamba, kutoka upande wa dirishani.

"Mashine ilielemewa."

Maji ya bakuli yakageuka kuwa tope.

Bi Thuraya alivua miwani, akaifuta. "Jini aliyeingia kwa uovu namtoa," alisema. "Huyu ameingia na swali la haki. Nimsomee mpaka kesho, atakaa kitako anasikiliza, na huenda akawa Mwislamu bora kukushinda wewe. Mchukue binti yako, Bi Shaikha. Hapa hakuna kazi yangu."

"Mwalimu, tunakuomba..."

"Aombwe aliyekosewa, mama. Si mimi."

Walirudi nyumbani usiku ule. Mlangoni mama alitamka neno moja tu, bila kumtazama: "Muzna?" Na katika neno lile mlikuwa na maswali yote. Binti akainamisha kichwa. Mama akaingia ndani, akaitoa ile barua ya chuo ukutani, akailaza kifudifudi juu ya kabati.

Asubuhi yake namba ilikuwa hasi kumi na nne. Muzna alizima skrini, akateremka stoo.

Pirdad alikuwa amekaa juu ya boksi, anasugua kutu kwenye kipimo ambacho hakuna mtu angekihitaji tena. Hakuinuka.

"Leo umeikumbuka njia ya stoo," alisema.

Muzna akaomba. Pirdad akaona mdomo unasogea bila sauti, akaweka kitambaa chini, akatazama, na akiwa mtu aliyezoea kutazama ramani isiyosogea, hakuharakisha. Muda mrefu ukapita. Ndipo sauti ikatoka kati ya maboksi: "Ami Pirdad, nipeleke Hayl Wusayt kwa mke wa marehemu. Mimi siwezi kuendesha. Gari halinisikii."

Akafikiri. "Kuna nini huko cha kuniburuta na mimi?"

Pirdad akanusa harufu ya tope. Akachukua funguo.

Bi Moza, mjane wa Muhanna, alikuwa bado ndani ya eda. Aliwapokea sebuleni na shela nyeupe, jirani mmoja mwanamke akiwa naye, Pirdad akakaa kizingitini, uso ameuelekeza nje kwa heshima. Palikuwa na tende na birika la kahawa. Ukutani, chini ya dirisha, palikuwa na mto mmoja ambao hakuna aliyeukalia.

Muzna alipiga magoti mbele ya mjane akasema yote. Alisema bila kujipunguzia. Alipomaliza, chumba kilikuwa kimya kama alivyokikuta.

"Binti," akasema Bi Moza kwa upole, "umekuja kunitazama tu?"

"Mngoje kidogo, Bi Moza," akasema Pirdad kutoka mlangoni. "Maneno yake yanachelewa."

Wakangoja. Muzna hakuwahi kukaa mahali pazito kama pale. Maneno yalikuwa yameshatoka kifuani mwake na hayajafika popote. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kuinuka, akajifanya mgonjwa, akakimbilia kwenye gari, na yakaja kusemwa yeye akiwa mbali asione nyuso zao, na miguu yake iliitaka sana nafasi ile, kila mshipa wa miguu yake uliitaka, aibu ikimpanda shingoni kama maji, naye akashika mkeka kwa mikono miwili ili asiondoke.

Ndipo sauti yake ikaja. Ilikuja kutoka katikati ya chumba, juu ya sinia la tende, naye mdomo ameufunga.

"Mimi ndiye Muzna wa ofisi ya tahadhari. Siku aliyokufa mumeo niliisukuma nyuma hesabu ya bonde lenu ili kazi yangu ipite mbele. Nilisahau kuirudisha. Simu yake haikulia kwa sababu yangu. Walipouliza, nilisema mashine ilikuwa sawa, wakamwadhibu ami Pirdad bila kosa. Mimi ndiye niliyemwambia mumeo angoje simu."

Jirani alitia mkono mdomoni. Mlangoni, mgongo wa Pirdad haukusogea.

"Hiyo kazi yako," aliuliza Bi Moza, "ilikuwa nini?"

Mara hii jibu lilitoka kinywani mwa Muzna kwa wakati wake, na angetoa chochote lichelewe. "Ya shahada. Ilikuwa... ilikuwa juu ya kuwaonya watu wa mabonde madogo mapema zaidi."

"Ulifaulu?"

"Nilifaulu."

Mjane akatikisa kichwa taratibu. "Aliitundika simu kwenye tawi la mkunazi, isije ikalowa. Mawingu aliyaona. Nilimwambia, baba, rudi. Akasema yule binti ametuambia tungoje."

Muzna akaweka paji la uso sakafuni. Na akiwa pale chini akaona, kando ya goti lake, unyayo wa tope. Kisha mwingine mbele yake. Nyayo zilitoka mahali alipopiga magoti, zikavuka mkeka moja moja, bila haraka, zikafika kwenye ule mto chini ya dirisha. Mto ukabonyea. Jirani akapiga ukelele, akakimbilia ndani.

Bi Moza hakushtuka. Alimimina kahawa kwenye kikombe, akainuka, akakiweka mbele ya mto.

"Alianza kuja siku ya tatu ya msiba," alimwambia Muzna. "Namjua kwa harufu. Alikaa hapo hapo, ananiuliza kama simu ililia. Nikamwambia mimi sijui, nenda kawaulize wenye simu." Akageukia mto. "Umelipata?"

"Nimelipata," ikajibu ile sauti. "Haikulia."

"Basi nenda kamwambie. Mwambie hakukosea yeye. Alingoja kama alivyoambiwa."

Kikombe kilikuwa kitupu. Mto ukainuka. Nyayo zikapita mlangoni, na Pirdad akavuta miguu yake pembeni kumpisha mtu asiyemwona, zikateremka uani, zikashika njia ya bondeni, na jua la mchana likazikausha moja baada ya nyingine.

Bi Moza hakusema amesamehe. Alisema tu, "Nendeni sasa. Nataka kulia peke yangu."

Ndani ya gari Muzna alisema, na neno likafika saa ile ile: "Kesho naandika barua, ami. Kila kitu. Nitaipeleka mwenyewe."

Aliandika. Alifukuzwa, akapelekwa mahakamani, na shahada ikafutwa kwa ombi lake mwenyewe. Pirdad alirudishwa kwenye ramani zake mwezi mmoja kabla ya kustaafu.

Lakini siku ile, barabarani, alikuwa bado mtu wa stoo. Aliendesha kimya mpaka mitende ya Hayl Wusayt ilipoisha nyuma yao.

"Ami Pirdad," akasema Muzna. "Nisamehe."

Pirdad alikuwa anatazama barabara.

"Nimekusikia," akasema. "Usiniharakishe."